Kwa nini mashine ya masikio hunyamaza Julai na si Novemba

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeifunga blogu. Sijaifunga. Nimekuwa nikishughulikia mradi usio na mteja, usio na tarehe ya mwisho na usio na malipo, yaani ile aina ya mradi inayopendeza kuliko zote. Unahusu vifaa vya kusaidia kusikia na jinsi unyevu unavyoviharibu. Kama kwenu hakuna anayevaa kifaa cha namna hii, usiondoke bado. Kuna fizikia humu, kuna betri, kuna senso, na kuna mahindi pia.

(Kuhusu neno lenyewe: najua wapo wanaosema "visaidizi vya kusikia", na ni neno zuri. Lakini nyumbani kwetu Kathiani kila mtu husema "mashine ya masikio", nami nitasema hivyo hivyo.)

Mwenye mashine ni mama yangu. Mwaitu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30 na sasa amestaafu. Huvaa mashine mbili za nyuma ya sikio. Kwa wale ambao hawajawahi kuishika, ni kitu chenye umbo la ndizi ndogo sana. Ndani yake kuna mikrofoni, chipu, spika na betri. Juu kuna ndoano ya plastiki inayoning'inia sikioni, na kutoka kwenye ndoano hiyo hushuka mrija laini hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kufuata umbo la sikio la mwenyewe. Sauti husafiri kwa hewa ndani ya mrija. Kumbukeni huo mrija, tutaurudia.

Mwaitu pia ni mweka hazina wa chama cha akina mama pale kijijini. Kila mwezi akiba inaletwa, mikopo inatoka, mingine inarudi, na hesabu zote zinatajwa kwa mdomo. Masikio yake yamepoteza zaidi sauti nyembamba, zile za "s", "f" na "t", na hizo ndizo zinazotenganisha neno moja na jingine. Jaribu mwenyewe: ziba masikio kwa vidole halafu mtu akutajie "elfu sita" na "elfu saba" kwa sauti ya chini. Julai mwaka jana mashine ya kulia ilinyamaza katikati ya mkutano, ikiwa ni mara ya pili ndani ya miezi miwili, na hesabu ikapishana kwa elfu moja. Hakuna aliyemshuku, na elfu yenyewe ilionekana kwenye daftari kabla ya jua kuzama. Lakini minong'ono ikaanza kwamba labda kazi hiyo apewe mwenye umri mdogo kidogo. Kumnong'ona mtu asiyesikia vizuri mbele yake ni ukatili wa aina yake, kwa sababu midomo anaiona. Alirudi nyumbani, akazitoa zote mbili, akazifunga kwenye leso, akaziweka kabatini. Zilikaa humo wiki tatu.

Si kwamba hatukuwa tumezipeleka kwa fundi. Kwa miaka miwili zilikuwa zimekwenda Nairobi mara tatu, matatu ya kwanza hadi Machakos, ya pili zaidi ya kilomita 60 kutoka hapo, na nusu siku kwenye foleni. Duka moja huko (silitaji) lilitupa jibu lile lile kila mara: unyevu, mwambie mama asinyeshewe. Halafu risiti. Kwa bei ya mashine moja kama yake unanunua ndama mzuri wa maziwa, kwa hiyo unalipa risiti na kunyamaza. Mwaitu naye alikuwa na jibu moja: "Sijanyeshewa, mimi si mtoto." Na ni kweli, wingu la kwanza tu likitanda huzitoa na kuzitia kwenye mfuko wa nailoni.

Wale wenzangu mnaoandika programu mnaifahamu hali hii. Mteja anaapa hakugusa kitu, fundi anaapa kosa ni la mteja. Ikifika hapo mimi huacha kubishana na kuanza kuandika kumbukumbu ya kila tukio.

Kumbukumbu zilikuwa mbili na tulizianza Machi mwaka jana, masika yalipokuwa yakiingia. Ya kwanza ilikuwa yangu: senso tatu za DHT22 na vibao vitatu vya ESP8266, kimoja jikoni, kimoja chumbani kwa mama, kimoja barazani, kila kimoja kikiandika joto na asilimia ya unyevu wa hewa kila baada ya dakika tano. DHT22 ni senso ya bei rahisi na inaweza kukosea kwa asilimia 2 hadi 5, lakini kwa kazi hii inatosha, maana tulitafuta mwelekeo na si tarakimu kamili. Ya pili ilikuwa ya mama: daftari la shule, limepigwa mistari kwa rula, safu nne: tarehe, saa, sikio gani, nilikuwa nafanya nini. Kwa kalamu nyekundu! Nimefanya kazi na kampuni zenye wahandisi waliosoma sana ambao hawajawahi kunipa ripoti ya hitilafu iliyo safi kama hiyo.

Mwishoni mwa Agosti niliweka kumbukumbu hizo mbili kwenye grafu moja. Aprili, mwezi wa mvua, ulikuwa karibu mtupu. Matukio yalianza kujazana Juni, na Julai yalikuwa mengi kuliko mwezi wowote licha ya zile wiki tatu zisizo na maandishi. Huo ndio msimu wetu mkavu wenye baridi, ambapo ukungu hulala kwenye milima ya Iveti na Mua asubuhi lakini tone la mvua hulioni. Zaidi ya nusu ya matukio yalitokea kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Kundi la pili lilikuwa la jioni, na safu ya nne ilisema "napika". Kundi la tatu ni la siku za shamba, na za safari za miguu kupanda kilima kwenda chamani au kanisani.

Nianze na asubuhi, kwa sababu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Umewahi kupanda matatu ya alfajiri kutoka Kathiani kwenda Machakos mwezi wa Julai? Nje kukavu, hakuna mvua, na bado vioo vinalowa kwa ndani hadi dereva anafuta kwa mkono wa sweta. Maji hayo yametoka kwenye pumzi za abiria. Sikio lililozibwa na kizibo ni matatu hiyo hiyo. Hewa ya nyuzi 35 iliyojaa mvuke hubeba takriban gramu 40 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13. Sasa mrija unatoka ndani ya sikio lenye joto na kupita nje penye baridi. Mvuke unaoingia humo unakutana na ukuta baridi, unakosa pa kwenda, na kugeuka matone. Upana wa mrija kwa ndani ni kama milimita 2 tu. Tone moja likilala humo, sauti imekwama.

Kwa maneno mengine, mara nyingi mashine haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa imezibwa na maji yaliyotoka kwa mwenye sikio. Mchana joto likipanda, tone hukauka lenyewe na mashine hufufuka, ndiyo maana ukiifikisha Nairobi saa nane fundi anaiwasha na inamwitikia vizuri kabisa.

Dawa yake ni pampu ndogo ya mpira, ile ya kubonyeza kwa vidole, wanauza wauzaji wa mashine hizi. Unauchomoa mrija pamoja na kizibo chake kutoka kwenye ndoano, unapuliza hewa ndani ya mrija hadi tone litoke upande wa pili, unarudisha. Uchomoe kwanza, tafadhali, la sivyo unalisukuma tone kwenye spika. Wala usipulize kwa mdomo, maana pumzi yako ndiyo hewa yenye unyevu kuliko yote iliyopo chumbani. Kuna pia mirija yenye ukuta mnene ambayo haipoi upesi hivyo, na tulibadilisha ya mama. Matone yamepungua lakini hayajaisha.

Jikoni mambo ni rahisi kueleza. Kila mama alipofunua sufuria ya muthokoi, grafu ya senso ya jikoni ilipanda kama ukuta. Uso wake uko juu ya mvuke huo, na mikrofoni ziko nyuma ya masikio, zikiutazama. Tundu la mikrofoni ni dogo kuliko kichwa cha pini. Mvuke ukituama hapo, sauti huwa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Hapa hakuna teknolojia ya kuuza: unarudi nyuma hatua moja unapofunua sufuria, basi. Kulikuwa na mjadala mrefu kama mwaitu azitoe wakati wa kupika. Alikataa, kwa kuwa jikoni ndiko wajukuu humwambia habari za maana. Nilikubaliana naye. Mashine inayokaa kavu kabatini haimsaidii mtu.

Jasho ni kesi nzito zaidi. Tone la mrijani ni maji karibu safi, yakikauka yameondoka. Jasho lina chumvi. Mwanamke anayepanda kilima kwa miguu akiwa amejifunga kitambaa kichwani hadi chini ya masikio amezifunika mashine pamoja na jasho lake, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kula metali. Fungua kijumba cha betri cha mashine ya mtu anayelima, utaona unga wa kijani au mweupe kwenye vijivyuma vinavyogusa betri. Hiyo ni kutu ya jasho, na haitoki kwa kukausha. Mashine ya kulia ya mama, ile iliyonyamaza chamani, ilikuwa nayo. Fundi mwingine aliisafisha na kubadilisha vijivyuma hivyo, na tangu hapo mama huzifuta kwa kitambaa kikavu cha pamba kila afikapo mahali, kabla hata ya kusalimiana. Kitambaa cha kichwa sasa anakifunga kikipita juu ya masikio. Wenzake mwanzoni walidhani ni mtindo mpya.

Tukiwa bado kwenye kijumba cha betri, nichepuke kidogo. Hizi betri ni kitu cha ajabu. Ni za zinki na hewa, na kila moja ina vitundu vilivyofunikwa kwa stika ya rangi: njano ni saizi 10, kahawia ni 312, rangi ya chungwa ni 13, bluu ni 675. Ukibandua stika, oksijeni inaingia na kuungana na zinki ndani, na umeme unaanza. Iache wazi dakika chache kabla ya kuifungia ndani ili ivute hewa ya kutosha. Kurudisha stika hakusimamishi kitu. Maana yake ni kwamba mashine ya namna hii haiwezi kuzibwa kabisa kama saa ya wapiga mbizi, maana betri lazima ipumue. Na kile kinachopitisha hewa hupitisha na unyevu wake. Ndani ya betri kuna mmumunyo wa haidroksaidi ya potasiamu, ambao kwenye hewa yenye unyevu mwingi hunyonya maji na kwenye hewa kavu mno hupoteza maji yake. Pande zote mbili betri inaumia. (Na kama kuna watoto nyumbani, ziwekeni mbali. Betri ndogo ikimezwa au ikitiwa puani ni dharura ya kukimbilia hospitali, haingoji kesho.)

Haya, sasa usiku. Wauzaji wana vikaushio vizuri vya umeme, vidogo kama kikombe. Vinafanya kazi, sina neno navyo. Lakini stima kwetu hupotea bila kuaga, na nilitaka kitu kinachoendelea kufanya kazi gizani. Kitu hicho ni mkebe wenye chembe za silika ndani. Hapa ndipo nilipotarajia kumfundisha mama fizikia, naye akanifundisha mimi.

Mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa hatari ya unyevu. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri yalileta sumu ya aflatoksini hapa Machakos, Makueni, Kitui na Thika. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Tangu hapo kila mkulima anajua kile kipimo cha chupa: unatia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unatikisa dakika chache, unaacha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au hivi, yarudishe juani. Wala huwezi kutia mahindi mabichi kwenye zile gunia zisizopitisha hewa, maana hewa haitoki na unyevu hautoki, umejifungia uozo mwenyewe. Nilipomwonyesha mama mkebe wa kuhifadhia mashine, aliuangalia na kuuliza, "Na maji yaliyomo yataenda wapi?"

Nilipiga hesabu ya swali lake. Mkebe wa lita moja, nyuzi 25, unyevu wa asilimia 70: hewa yote ya ndani ina miligramu 16 hivi za maji, na ikijaa kabisa haibebi zaidi ya 23. Tone moja ni kama miligramu 50. Sasa tia humo mashine yenye tone moja tu lililojificha mrijani na ufunge vizuri. Miligramu 7 zitapanda hewani, na hapo hewa imejaa, haichukui tena. Zilizobaki 43 zitakaa na mashine yako hadi asubuhi. Si hayo tu. Usiku ukipoa hadi nyuzi 15, hewa hiyo haiwezi kushika zaidi ya 13, kwa hiyo 10 zinarudi kuwa umande, ndani ya mkebe, juu ya chochote kilicho baridi. Mkebe mtupu uliofungwa vizuri ni mbaya kuliko meza iliyo wazi! Gramu 50 za silika kavu, kwa upande mwingine, zinaweza kumeza gramu 5 za maji na bado zikaacha hewa ikiwa kavu. Hayo ni matone 100. Silika ndiyo jibu la "yataenda wapi".

Tunatumia mkebe wa siagi ya karanga wenye mfuniko wa kuzungusha, kwa sababu unaona ndani. Chini kuna silika kwenye soksi ya mtoto, juu yake kipande cha wavu, mashine hulala juu ya wavu. Usiku mama huzifuta, hutoa betri na kuziacha nje ya mkebe (silika ingezikausha zikafa mapema), huacha vijumba vya betri wazi, hufunga mfuniko. Vizibo na mirija huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo mara moja kwa wiki, vikiwa vimechomolewa kabisa kutoka kwenye mashine, na hupulizwa kwa pampu kabla ya kurudishwa. Niliweka senso ndani ya mkebe kwa wiki moja kuhakikisha. Mstari ulishuka chini ya asilimia 20 kabla ya usiku wa manane na kubaki hapo.

Silika nilinunua kwenye duka la vifaa vya maabara Nairobi. Vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya pia ni silika, ila kwa kawaida vimekwisha kushiba njiani, kwa hiyo usivitegemee bila kuvikausha. Chagua chembe zenye rangi ya chungwa, ambazo zikishiba hugeuka kijani au kupoteza rangi, kutegemea aina. Zile za bluu zinazogeuka waridi zina kobalti kloridi, ile ile ya karatasi za kupimia maji mliyoitumia kwenye kemia ya sekondari. Ni sumu, na sitaki iwe karibu na jiko la mtu. Zikishiba huzikausha kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Sisi hutumia mbinu ya keki za jiko la makaa: sufuria yenye mchanga, mfuniko, moto mdogo, na kipimajoto, kwa kuwa joto likizidi rangi inaungua. Sufuria hiyo haipikiwi chakula tena.

Mmeniuliza kuhusu mchele. Mchele huvuta unyevu kidogo sana na polepole, na unaacha vumbi la wanga ambalo linapenda sana matundu ya mikrofoni. Hata Apple mwaka 2024 waliwaambia watu waache kutia simu zilizolowa kwenye mchele. Pishori ya Mwea ipikeni. Mwalimu mmoja wa kemia alipendekeza kalsiamu kloridi ya maabara. Inakausha kweli, lakini ikinyonya sana inayeyuka na kuwa maji ya chumvi, na tumeshaona chumvi inafanya nini. Majivu na makaa yana vumbi. Jua kali la dirishani, oveni, mikrowevu na mashine ya kukaushia nywele huharibu plastiki na vijenzi vya ndani.

Wapo watakaosema nunua mpya zenye alama ya IP68, umalize maneno. Alama hiyo inatoka kwenye kiwango cha IEC 60529: tarakimu ya kwanza, 6, ni vumbi haliingii, ya pili, 8, ni kuzamishwa kwenye maji kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji, kwa mashine hizi mara nyingi mita 1 kwa saa 1. Ni maendeleo makubwa, siyabezi. Ila jaribio hufanywa kwa maji safi kwenye mashine mpya. Jasho, mvuke wa muthokoi na miaka mitatu ya kufungua na kufunga kijumba havimo kwenye jaribio. Wala IP68 haizuii tone kutokea mrijani, maana hilo halikuingia kutoka nje. Zile za kuchajiwa, zenye lithiamu iliyofungwa ndani, zimeondoa tatizo la kijumba cha betri, lakini zinataka stima kila usiku. (Kwa wapenda historia: kule Otse, Botswana, kampuni ya Godisa ilitengeneza mashine ya masikio yenye chaja ya jua, kazi iliyoendelezwa baadaye kwa jina la Solar Ear. Ni mradi unaostahili makala yake.)

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu. Wengi hawatawahi kupata mashine. Kwa hiyo kila nikisikia mashine imetupwa kwenye droo kwa sababu "imekufa", nataka kwanza kuuliza kama kuna aliyeutazama mrija.

Tangu Septemba mwaka jana mashine za mama hazijaenda Nairobi kwa ajili ya unyevu. Bado zinanyamaza asubuhi moja moja za baridi, lakini sasa anatoa pampu kwenye mkoba, sekunde thelathini, amemaliza. Alifanya hivyo mbele ya chama Juni mwaka huu, akaendelea kusoma hesabu, na Agosti walimchagua tena mweka hazina bila mpinzani. Wazee wawili wa jirani wamekuja na mashine zao. Mmoja mkebe ulimsaidia. Wa pili ana zile ndogo zinazoingia zote ndani ya sikio, na shida yake ilikuwa nta iliyoziba kichujio cha spika. Silika haina la kufanya hapo, alibadilishiwa kichujio.

Nilipendekeza kuongeza kengele kwenye simu ya mama ya kumkumbusha saa tatu usiku kuzitia mkebeni. Alikataa, akasema amezipangia saa hiyo hiyo anayofungia kuku. Programu ya kusoma senso na kuchora grafu ni fupi, haifiki mistari 80 ya Python, na nitaiweka hapa pamoja na mchoro wa nyaya nikishaisafisha. Kibao cha jikoni kimeacha kutuma tangu Jumanne. Nashuku mvuke.